Hirizi ya Shaba

Miaka miwili nilikaa kwenye kiti cha mbao ndani ya lifti ya Woolwich, nikiwashusha watu chini ya mto Thames na kuwapandisha, na sikuipenda kazi ile hata siku moja. Waingereza wakiingia kwenye lifti hutazama viatu vyao. Mtu anashuka nawe kila asubuhi mwaka mzima, na ukiugua ukawekwa mtu mwengine pale kitini, hajui kama umebadilika. Kwetu Unguja nilikuwa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wakisimama kwa heshima nikipita. Hapa nilikuwa mtu wa kufungua mlango na kuufunga.

Lakini kazi hii niliiomba mwenyewe, kwa sababu Bibi aliniamuru.

Bibi ni mama wa mama yangu, naye ndiye aliyenilea. Baada ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne nilitoka kisiwani kwa njia ya Mombasa, nikafika London, na nilipopata vyumba viwili juu ya duka la viatu nikamwandikia aje. Jamaa walinicheka. Walisema mzee wa umri ule hang'oki kwake. Bibi hakubisha hata kidogo. Aliniletea jibu la mstari mmoja: "Huko ndiko alikopotelea, nipeleke."

Aliyepotelea huko ni babu yangu, Mahmood. Mwaka 1910 alipanda meli ya Waingereza kuwa mtia makaa, akamwacha Bibi na miaka kumi na sita na mimba ya miezi mitatu. Akaleta barua mbili. Ya kwanza ilisema meli imemwacha London akiwa na homa, amepona, na amepata kazi kwa watu wanaochimba njia chini ya mto, ili wafanyakazi wa bandarini wavuke kwa miguu siku ambazo ukungu unazuia kivuko. Ya pili Bibi aliijua kwa moyo, kwa kuwa alimtaka mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee mara nyingi hata mwalimu akakasirika.

"Tunachimba ndani ya hewa iliyoshindiliwa," ilisema barua ile, "ili maji ya mto yasituingilie. Hewa hii ni nzito, mke wangu. Mtu hawezi kupiga mluzi ndani yake. Wazungu wamempa kila mmoja wetu kibati cha shaba chenye maandishi, na kijana aliyenipa changu ameniashiria kuwa kinalinda uhai. Nadhani ndiyo hirizi yao."

Bibi alijibu siku ile ile. Alimwambia mwalimu aandike kwamba maandishi yanayolinda hayaachwi wazi yakatazamwa na kila mpita njia, yataisha nguvu. Akamwambia Mahmood akishone kibati hicho ndani ya ngozi, pamoja na hirizi aliyomfunga yeye mwenyewe siku ya safari, avae juu ya mkono wa kulia, ndani ya nguo. Barua ikaenda. Ya tatu haikuja.

Mtaani walisema ameoa Mzungu. Walisema kwa miaka, mbele yake na nyuma yake, na wakina mama wenzake walimtania arusini kwamba mke mwenza wake anakula kwa uma. Walikuja wachumba wawili, wa pili mtu mwema mwenye nyumba. Kadhi alikuwa tayari kuivunja ndoa. Bibi alikataa. "Nende kwa kadhi niseme nini?" alikuwa akiniambia. "Kuwa kafa, sijui. Kuwa kaniacha, sijui." Kwa hiyo hakukaa eda ya mjane, hitma ya marehemu haikusomwa, na vipuli vya fedha alivyovalishwa siku ya arusi hakuvivua, maana mke wa mtu havui. Alizeeka hivyo hivyo, si mke wala si mjane.

Mimi nilikuwa na hakika kuwa alimwacha. Nilimchukia babu yangu tangu utoto, na sikuona haya kumchukia mtu ambaye sikumwona. Lakini Bibi alipofika London na kusikia kuwa ile njia ipo, na kwamba mlangoni mwake kuna kazi ya kukaa tu na kutazama watu, hakunipa raha. "Kaa hapo," alisema. "Ikiwa yu hai, siku moja atapita."

"Bibi, kama yu hai ana miaka themanini."

"Basi atapita pole pole."

Ndiyo nikakaa. Kila mzee mweusi aliyeingia kwenye lifti yangu nilimkagua kama mjinga, nikitafuta pua ya mama yangu. Jioni nikirudi Bibi aliuliza, "Kapita?" Nami nikajibu, "Hajapita," na tukala.

Mwaka sitini na tisa daktari alisema moyo wa Bibi umechoka. Hakuwa na dawa ya maana. Bibi aliposikia hakulia. Alinikalisha karibu na kitanda akanishika kidole, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara.

"Sikiliza, Rajab. Mie siogopi kufa. Lakini sitaki kufa sijui nitafufuliwa mke wa nani. Nambie ukweli wako, unadhani kaniacha?"

"Sijui, Bibi," nilisema. Nilisema uongo, nilidhani najua.

Mwezi wa Julai mwaka ule joto lilikuwa kali, na ndani ya lifti hakukuwa na pumzi. Jumanne moja nikakunja mikono ya shati hadi begani, jambo ambalo msimamizi wetu alilikataza. Akaingia mzee mmoja wa Kiingereza, mrefu, kofia mkononi. Nilimjua kwa sura. Alikuwa akivuka kila Jumanne kutoka ng'ambo ya kaskazini kwenda kutazama kaburi la mkewe. Siku zote alitazama viatu vyake kama wenzake. Siku ile alitazama mkono wangu.

Juu ya mkono wangu wa kulia palikuwa na hirizi, kimfuko cheusi cha ngozi kilichoshonwa, kilichofungwa kwa ugwe. Bibi alinifunga nilipopata kazi ya kushuka chini ya mto. Mimi ni mtu wa hesabu, sikuwa na imani nayo kubwa, lakini nani atabishana na Bibi?

Yule mzee alibadilika rangi. Lifti ilifika chini, watu wakatoka, yeye akabaki.

"Hicho mkononi," aliniuliza kwa Kiingereza chake cha bandarini, "ndani mna nini?"

Nilidhani ananicheza shere. Nikamjibu kwa ukali kuwa ni mambo ya dini yangu.

"Samahani," alisema. "Sikuuliza kwa ubaya. Nilimjua mtu mmoja aliyekuwa na kama hicho. Alichimba hapa na mimi. Alitoka Zanzibar."

Niliushikilia mlango wa lifti. Nilimwuliza jina la mtu huyo, na kabla hajalitamka nilikuwa nimeshalijua.

Yule mzee mwenyewe aliitwa Titus. Saa ya mapumziko yangu tulitembea naye ndani ya ile njia, chini kabisa ya mto, na kila baada ya hatua chache aliugusa ukuta. Vigae vyeupe, alisema, viliwekwa mwisho kwa ajili ya kupendeza. Nyuma yake mna pete za chuma, na kila pete ilifungwa kwa mikono. Mbele yao ilikuwepo ngao ya chuma ikisukumwa taratibu kwenye udongo, na wachimbaji ndani yake wakiuchimba udongo kwa sepetu, hatua kwa hatua. Yeye alikuwa na miaka ishirini na mbili na kazi yake ilikuwa kulinda chumba cha hewa, kile chumba kidogo chenye milango miwili ambamo mtu alikaa akisubiri hewa ishindiliwe kabla ya kuingia, na ipunguzwe kabla ya kutoka.

"Anayetoka haraka damu yake inafanya mapovu," alisema. "Hata anayetoka pole pole wakati mwengine inampata, baada ya saa moja, mbili, yuko njiani anakwenda kwake. Anashikwa na maumivu ya viungo, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito. Mtu akimwona atadhani amelewa. Hospitali hawakuweza kumsaidia. Dawa yake ilikuwa moja tu, kumrudisha kazini, kumtia ndani ya hewa ileile na kumtoa taratibu."

"Na kibati?" niliuliza.

Alisimama. "Unajuaje habari ya kibati?"

"Aliandika nyumbani."

Basi akanieleza kilichoandikwa kwenye kibati, na mimi nikamsikiliza mgongo wangu ukiwa ukutani, juu ya vigae. Kilisema hivi: Mtu huyu hajalewa. Ukimkuta ameanguka usimpeleke hospitali. Mlete haraka kwenye kazi ya mto, Woolwich. Kila mmoja alitakiwa akivae shingoni, juu ya shati, mahali pa kuonekana.

Jumamosi moja ya Februari 1911 zamu ilitoka mchana. Wenzake wote walikwenda kunywa bia kwenye baa iliyokuwa karibu na kazi, na mtu akianguka pale, wenzake wanambeba tu. Mahmood hakunywa. Alikwenda zake peke yake kwa miguu, kuelekea chumba chake cha kupanga upande wa bandari. Akaanguka barabarani. Askari wawili wakamkuta anapepesuka, hawezi kusema, wakampekua shingo na mifuko wasione kitu. Wakamtupa mahabusu alale hadi ulevi umtoke. Asubuhi ya Jumapili walimkuta amekufa.

"Jumatatu hakuja zamu," alisema Titus, "nikaenda kumtafuta. Nilikuta wameshamtia kwenye sanduku. Kisha akazikwa kwenye makaburi ya watu wasio na wenyewe. Mimi nilikuwepo, na mchimba kaburi, basi. Askari wakanipa vitu vyake, navyo vilikuwa hicho kimfuko tu. Nyumbani nikakikata nyuzi nione mna nini."

Watu walikuwa wakitupita na baiskeli zao.

"Mimi ndiye niliyempa kibati kile," alisema. "Hakujua Kiingereza. Nilimwonyesha kwa mikono, hiki ni uhai wako, kitunze sana. Naye akakitunza. Miaka hamsini na minane nafikiri, laiti ningemwonyesha vizuri zaidi."

Nilikuwa na neno la kumpunguzia mzee yule mzigo. Ningeweza kumwambia, si wewe, kuna barua iliyotoka Unguja. Sikulisema. Nililia, naam, pale pale chini ya mto nikiwa na yunifomu ya kaunsili ya mji, nikamlilia mtu niliyemchukia maisha yangu yote kwa kosa ambalo hakulitenda. Alikufa akiitwa mlevi, hakuoshwa, hakukafiniwa, na alikufa kwa sababu alimsikiliza mkewe. Na mkewe alikuwa juu ya duka la viatu, akingoja nirudi aniulize kama kapita.

Jumanne iliyofuata Titus alileta kile kimfuko ndani ya leso. Ngozi ilikuwa imekauka, matundu ya sindano yanaonekana. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa ya hirizi ya Bibi, na kibati, duara, kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, bado kinang'aa. Alinishika mkono. Alitaka jambo moja tu, aonane na mjane wa Mahmood amwombe radhi kwa mdomo wake kabla hajafa.

Nilimwambia Bibi ni mgonjwa. Nilimwambia hajui Kiingereza. Akasema, "Wewe utatufasiria."

Siku tatu niliranda na swali lile. Nikimficha yote, atakufa akidhani huenda aliachwa. Nikimwambia yote, atakufa akijua kuwa barua yake ndiyo iliyomwua. Kwenye hesabu kuna masuala ambayo ukiyatazama vizuri yanakuonyesha njia. Hili halikuonyesha kitu. Ijumaa nikanunua sindano nene na uzi mweusi, nikakirudishia kibati mahali pake na karatasi yake, nikaishona ile ngozi upya kwa kupitisha uzi katika matundu yale yale ya babu yangu. Alikuwa hajui kushona, maskini. Mishono yake ilikwenda upande.

Jumapili alasiri Titus akaja, amevaa suti. Bibi alikuwa ameketi kitandani na kanga yake ya kichwa, na Bharti, jirani yetu wa chini, mama wa Kihindi aliyezaliwa Unguja, alikuwa amekuja kumletea chai ya tangawizi. Nilimwomba Bharti atupishe kidogo. Kisha nikapiga magoti.

"Bibi, babu hakukuacha. Alikufa. Alikufa mwaka uliofuata, kabla mama hajatimiza mwaka. Kwa ugonjwa wa ile hewa. Huyu bwana alifanya kazi naye, na ndiye aliyemzika."

Midomo yake ilikuwa ikitikisika, nadhani alikuwa akisoma dua. Halafu akaniuliza kile nilichokuwa nikikiogopa.

"Alikuwa kavaa hirizi?"

Nikampa. Hakuitazama, macho yake hayakuwa na nguvu tena. Aliipapasa kwa vidole, polepole, akaisikia karatasi, na chini ya karatasi akaisikia shaba ngumu ya duara. Vidole vikasimama hapo.

"Kaitia," alisema. "Rajab, kaitia ndani. Basi barua yangu ilifika."

"Ilifika, Bibi."

"Miaka yote nikijiuliza kama ilifika. Ilifika, akaisoma, akanisikiliza." Machozi yalimtoka, na uso wake ulikuwa ukicheka. "Mtu aliyeoa Mzungu angekaa akashona maneno ya mke wa Unguja? Wajinga wale! Wajinga wakubwa wale!"

Titus alianza kusema. Alisema maneno yake yote, aliyoyatunza miaka hamsini na minane, kofia ikizunguka mikononi mwake. Mwambie ni mimi niliyempa. Mwambie sikumweleza sawasawa. Mwambie kama kingekuwa shingoni mwake wangemleta kwetu, naye angepona. Mwambie naomba anisamehe.

Bibi aligeuza uso kwangu. "Anasemaje?"

"Anasema babu alikuwa rafiki yake," nilisema. "Anakupa pole."

"Maneno mengi hivyo, pole tu?"

"Waingereza, Bibi, wanazunguka."

Akacheka kidogo. "Na kilichoandikwa kwenye hiki kibati, ni nini? Muulize."

Sikumwuliza. "Kimeandikwa, mtunzeni mtu huyu."

Bibi akatikisa kichwa, ameridhika. Akaunyoosha mkono wake mkavu, akaushika wa Titus. "Mwambie Mungu amlipe. Kamzika mume wangu, kaitunza amana yake, sina la kumlipa. Mwambie na mie namwombea."

Titus alinitazama, anangoja hukumu yake.

"Anasema amekusamehe," nilisema.

Mzee yule aliinama akaubusu mkono wa Bibi, na mabega yake yakawa yanatikisika. Bibi hakuzoea mambo hayo, akageuka upande akaona haya kama mwari. Wote wawili walikuwa wamepata walichokitafuta, na hakuna aliyepata la kweli. Nilikuwa katikati yao, nina joto, nina kiu, nataka waondoke wote wawili niachwe peke yangu.

Jioni ile Bibi alinitaka nimvue vipuli. Vilikuwa vimeng'ang'ania masikioni tangu 1909, ikabidi nitumie mafuta ya nazi na subira. Akaweka kando wanja na udi. Nilikuwa nimekwenda kumwuliza shekhe mmoja wa msikiti wa upande wa mashariki, naye akanieleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya Bibi ilikwisha mwaka 1911, hana la kukaa.

"Ana miaka mingapi shekhe huyo?" aliuliza Bibi.

"Kama arubaini."

"Basi mwambie mie nimengoja hamsini na minane. Hawezi kunipunja miezi minne na siku kumi."

Akakaa eda yake yote, moyo wake mchovu ukamvumilia. Hitma tuliisoma watu watano, chumba kikajaa. Ile hirizi alinitaka nimfunge yeye, juu ya mkono wa kulia, na kila Bharti alipopanda na chai yake ya tangawizi, Bibi aliupandisha mkono wa gauni amwonyeshe, hata kama alimwonyesha jana.

"Tazama, Bharti," alikuwa akisema. "Wanaume wengine unawaambia neno mko chumba kimoja hawasikii. Wangu nilimwambia neno moja kutoka Unguja, akalitii huku Ulaya."

Bharti alikuwa akiitikia, naam Bibi, naam, kweli. Mimi nilikuwa nikienda jikoni kuosha vikombe, na vikiwa visafi niliviosha tena.